Kigawa-volti: jinsi chipu ya volti 5 inavyopima betri ya volti 12

Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku wa giza hana tena karabai tu ya kutegemea. Wengi sasa wana taa za LED zinazotumia betri ya volti 12, na swali la jioni ni moja: betri hii itafika alfajiri? Voltimita ya kujitengenezea, yenye chipu moja na taa tano ndogo, inaweza kumjibu. Ila chipu hiyo ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, inaungua. Katikati lazima kiwepo kigawa-volti.

Kigawa-volti ni resista (vipande vidogo vinavyokinza umeme) zilizofuatana mstari mmoja kutoka chanya ya betri hadi hasi, zikigawana volti kila moja kwa kadiri ya ukinzani wake. Chukua resista nne zinazolingana, za kilo-omu 10 kila moja. Volti 12 zinakuwa mafungu manne ya volti 3. Toa waya juu ya resista ya mwisho, ile inayogusa hasi, nawe umepata robo. Hata betri ikiwa kwenye chaji ya volti 14.4, mguu wa chipu utaona 3.6 tu. Hasi ya chipu na hasi ya betri ziungane, vinginevyo hakuna kipimo.

Chipu yetu ni maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, kama ATmega328P; hulinganisha robo hiyo na volti 5 zinazoiendesha, kisha huitoa kama namba kati ya 0 na 1023. Volti moja ya betri ni sawa na hatua 51 hivi: 12.6, betri iliyojaa, inasomeka 645; 11.8, betri iliyokaribia kuisha, inasomeka 604. Basi programu ni fupi: 645 na kuendelea, taa zote tano ziwake, kila namba ikishuka kwa 10, izimike moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na naomba utilie maanani. Volti 5 ndizo rula yako. Kirekebisha volti, kile kifaa kinachoshusha volti za betri hadi 5 za kuendesha chipu, kikitoa 4.9 badala ya 5, betri yenye 12.2, ambayo imebaki takriban nusu, itasomeka 637, na taa zitawaka zaidi ya inavyostahili. Mvuvi ataondoka akiamini uongo. Kwa hiyo azima mita ya fundi, pima hizo volti 5 zenyewe, kisha rekebisha namba kwenye programu. Resista nazo ziwe za asilimia 1, yaani zisizopishana na thamani iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 1.

Tena, viwango hivi ni vya betri ya asidi iliyopumzika. Taa zikiwaka, volti hushuka kwa sababu ya ukinzani wa ndani ya betri. Ikitoka tu kwenye chaji, husomeka juu kuliko hali yake. Ipime saa kadhaa baada ya kuitoa kwenye chaji, kabla haijapandishwa mtumbwini.