Kwa nini chombo cha anga cha sentimita 60 huonekana kikubwa kuliko meli?

Simama Kivukoni meli ya mizigo inapoingia bandarini. Ikiwa bado mbali, machoni haizidi ngalawa iliyo karibu nawe, lakini hudanganyiki. Unaona safu za madirisha kama punje za ulezi na ngazi nyembamba kama uzi, na akili inapiga hesabu kimyakimya: mlango ukiwa mdogo hivyo, chombo chenyewe ni kikubwa mno. Wanaounda modeli za vyombo vya anga vya kubuni hutegemea hesabu hiyohiyo. Angani hakuna mnazi wa kulinganisha nao, hivyo ukubwa wote hutoka kwenye udogo wa vitu vilivyobandikwa juu.

Katika filamu ya Star Wars ya 1977, lile dude la kivita linalopita juu ya kichwa cha mtazamaji mwanzoni lilikuwa modeli ya sentimita 91 hivi. Mafundi wake walichukua vipande vya seti za plastiki za vifaru, meli na magari, wakavibandika upya mpaka asili yake ikapotea.

Ukitaka kuunda modeli yako ya sentimita 60, kabla ya kukata chochote chagua skeli, yaani uwiano wa modeli na chombo halisi. Kwa 1:350, sentimita 60 ni mita 210, yaani viwanja viwili vya mpira vikifuatana kwa urefu. Mtu wa mita 1.75 anakuwa milimita 5, na ghorofa ya mita 3 inakuwa milimita 8.6. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatoboa madirisha ya milimita 3, ambayo kwa skeli hiyo ni zaidi ya mita nzima, na chombo kinasinyaa kuwa kama daladala. Tumia keekee ya milimita 1 au chini yake, na safu ziachane milimita 8 hadi 9.

Uti wa mgongo ni bomba la maji la plastiki la inchi moja na nusu, sentimita 50 hivi. Toboa tundu la stendi sasa, pale bomba linapokaa sawa juu ya kidole. Ukingoja mpaka mwisho utapasua ngozi uliyoihangaikia wiki nzima. Mbavu na ngozi hutoka kwenye mabaki ya bodi nyeupe ya plastiki ya milimita 3 wanayotumia mafundi mabango. Gundi ya mabomba huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki hiyo na kuziunganisha kabisa. Juu yake bandika vibao vidogo vya karatasi ya manila, kwa ukubwa usiolingana, ili mistari ya maungio ionekane bila kuchongwa.

Kisha makorokocho: printa iliyokufa, kalamu zilizoisha, mabaki ya kwa fundi simu wa Kariakoo. Oshea sabuni kwanza, maana mafuta ya vidole hufukuza gundi na rangi. Tazama namba iliyo ndani ya pembetatu: plastiki ya 6 hushika supa gluu vizuri, ya 2 na ya 5 (vifuniko vingi vya chupa) hubanduka baada ya siku chache. Kipande kinachotambulika kikate nusu au kifunike kwa kingine. Kizibo kikionekana kuwa kizibo, jicho linakipima na udanganyifu wote unaanguka. Wala usijaze kila mahali. Rundika karibu na injini, milango na mifereji, uache sehemu pana tupu, kwa sababu bila utupu jicho halina pa kupimia msongamano.

Unyevu wa Dar una mambo yake. Supa gluu hukauka kwa unyevu, kwa hiyo hapa hushika haraka, lakini mvuke wake huacha unga mweupe kandokando. Weka tone dogo kwa kijiti cha meno, hewa ikipita. Rangi ya kupuliza ni mtihani mkubwa zaidi: kiyeyushi kinapopaa hupoza uso, maji ya hewani yanageuka umande juu ya rangi na kuacha ukungu. Wakati wa masika subiri siku kavu, upulize kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, umbali wa sentimita 20 hadi 25, koti tatu nyembamba. Kama umetumia lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao koti mbili, la sivyo rangi italila.

Anza na praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu ya mafundi gereji. Ndiyo inayofanya printa, kalamu na bomba kuwa kitu kimoja, na huonyesha kila ufa unaohitaji pati na msasa namba 400. Rangi ya mwisho isiwe nyeupe tupu wala ya kung'aa: vitu vya mbali hufifia, na mng'ao mpana hufichua plastiki. Changanya kijivu cha aina tatu zinazokaribiana sana, upake kibao kimoja kimoja kwa brashi ndogo. Tofauti ikionekana ukiwa umesimama mita mbili, imezidi.