Mtawala wa jukwaani hatengenezwi na sauti yake

Nimechoka kuwasikia waongozaji wa hapa Dar wakimwambia mwigizaji wa mfalme, rais au mkuu wa wilaya: "Toa sauti! Onyesha mamlaka!" Kijana wa watu anakunja uso, anatoa kifua, anafoka tangu onyesho la kwanza. Kufikia la tatu koo limemkauka na hadhira imeshamzoea.

Mamlaka jukwaani hutengenezwa na wanaomzunguka. Chukua waigizaji watano wanaopiga soga. Mtawala anaingia. Wa kwanza kumwona anyamaze katikati ya neno, asingoje sentensi iishe. Wa pili ageuke, wa tatu asogeze kiti nyuma. Wampishe, na njia hiyo ibaki wazi hata akishapita. Hapo akisema "Kaeni" kwa sauti ya chini, inatosha. Utaniambia feni za ukumbini zinameza sauti ya chini. Kweli, ndiyo maana ukimya wa wenzake utangulie, na yeye atamke kila silabi.

Kinachoharibu ni macho: mmoja tu akitazama hadhira badala ya mkubwa, hofu yote inavuja. Kosa jingine ni wote kuinama kwa pamoja kama gwaride. Mmoja achelewe. Watazamaji wataingiwa na hofu kwa ajili ya huyo aliyechelewa, na hofu yao hiyo ndiyo mamlaka yenyewe. Wala msipige magoti kwenye ukumbi wenye sakafu bapa. Kuanzia safu ya tatu hamwonekani.

Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na taa sitavichambua. Visafishwe, visizidi.

Linaloniudhi zaidi ni dhana kwamba maigizo ni pambo tu juu ya siasa. Mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, Bertolt Brecht, alilimaliza hilo katika The Resistible Rise of Arturo Ui, aliyoiandika 1941 akiwa uhamishoni Ufini. Ui, jambazi wa Chicago aliyechorwa kwa sura ya Hitler, anafundishwa na mwigizaji mzee kutembea, kusimama, kukaa na kuhutubia, kwa hotuba ya Mark Antony kutoka Julius Caesar ya Shakespeare, ileile tunayoisoma katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Wengi hulicheza onyesho hilo kama kichekesho, kisha wakalisahau. Watu wacheke, sawa, lakini ishara anazojifunza pale zirudi vilevile anapohutubia baadaye: mkono uleule, kimo kilekile. Ukizibadilisha, hadhira haitatambua kwamba ilichokicheka ndicho kinachoitia hofu sasa.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, mambo ni kinyume. Kinjeketile, aliyewapa wapiganaji wa Majimaji maji ya kuwakinga na risasi, amekamatwa, amepigwa, na anatakiwa aseme maji hayo yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa mwenyewe ana shaka nayo, kwa sababu neno limeshakuwa la watu. Mwigizaji akifoka hapo, shaka inapotea na tamthilia inapungua. Aseme kwa pumzi ya mtu aliyeumia. Kelele waachiwe askari.

Lipo jambo ambalo bado linanisumbua. Mtawala akichezwa kwa ustadi huu, sehemu ya hadhira humpenda, na vigelegele hupigwa anapomdhalilisha waziri wake. Wapo wanaotaka mwigizaji avue kofia ya cheo mbele ya watu ili kuvunja uchawi huo. Sina imani sana: mtu anaweza kujua kabisa namna anavyorogwa na bado akafurahia. Kwa sasa napendelea kumweka waziri mbele kabisa, uso kwenye mwanga, na mtawala asubiri vigelegele viishe vyenyewe ndipo aseme neno linalofuata.