Je, mwajiri wa Uingereza humdhamini vipi mfanyakazi kutoka Nairobi?

Katika vikundi vya WhatsApp vya wauguzi, wahandisi na watengenezaji programu jijini Nairobi kuna swali lisilokauka: nani anajua kampuni inayotoa sponsa? Anayeuliza huwa anawazia barua yenye muhuri, ambayo mwajiri anaweza kumwandikia yeyote akiguswa moyo au akitiliwa kitu mfukoni. Wazo hilo limelisha madalali wengi. Watu wameuza mashamba na kukopa kwenye sako ili wapate barua ambayo, kwa upande wa viza, haina kazi yoyote.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba tunauchukulia udhamini wa kazi kama ufadhili wa masomo, yaani mwenye nacho anamlipia asiye nacho nauli, ada na chakula. Udhamini wa kazi haumlazimu mwajiri kukulipia tiketi ya ndege wala pango. Ahadi anayoitoa hakupi wewe. Anaipa serikali yake. Anaiambia: nafasi hii ipo kweli, mshahara wake ni huu, mtu huyu anaiweza, na asipofika kazini nitawaarifu. Akidanganya, anayeadhibiwa kwanza ni yeye.

Kuna dhana ya pili iliyozoeleka, kwamba mwajiri lazima athibitishe amemtafuta Mwingereza akamkosa. Zamani ilikuwa hivyo. Sharti hilo liliondolewa Desemba 2020, mfumo wa sasa ulipoanza. Siku hizi anachotakiwa kuonyesha ni kwamba nafasi ni ya kweli na haikubuniwa ili kumpitisha mtu.

Utaratibu wenyewe utaeleweka ukimfikiria wakala wa M-Pesa. Hawezi kupaka kibanda rangi ya kijani na kuanza kazi. Lazima kwanza akubaliwe na apewe namba yake. Hata akishakubaliwa, hawezi kukuwekea pesa kuzidi floti aliyonayo. Na akikuwekea, ujumbe ulioingia kwenye simu yako ni taarifa tu. Pesa zenyewe ziko kwenye rekodi ya mitambo. Ndiyo maana mwenye duka makini, mteja akimwonyesha ujumbe wa malipo, huangalia salio lake mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa.

Mwajiri wa Uingereza naye huanza kwa kukubaliwa. Anaomba leseni ya udhamini kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo huchunguza kama kampuni ipo, inafanya biashara halali na ina watu wa kusimamia wajibu huo. Ikipata leseni, jina lake linaingia kwenye rejista ya wazi katika tovuti ya serikali ya Uingereza, pamoja na mji iliko na daraja lake. Wenye daraja A wanaweza kuleta watu wapya. Aliyeshushwa hadi B hawezi, mpaka arekebishe kasoro zake. Rejista hiyo ni bure na inasomeka kwenye simu ukiwa Kayole au Kikuyu.

Floti ndiyo sehemu ambayo wengi hawaijui. Kwa mfanyakazi aliye nje ya Uingereza, leseni peke yake haitoshi. Mwajiri huomba cheti cha udhamini kwa ajili ya nafasi hiyo moja, akieleza kazi na mshahara, na wizara huamua kumpa au kumnyima. Kwa hiyo mtu wa River Road anayedai kampuni fulani "imebakiwa na vyeti vitano" anauza kitu ambacho kwa mtu aliye Kenya hakitolewi kwa mafungu.

Na cheti chenyewe, licha ya jina lake, si karatasi. Ni rekodi ndani ya mfumo wa kompyuta wa wizara: jina lako, pasipoti yako, msimbo wa kazi, mshahara, anwani ya mahali pa kazi, tarehe ya kuanza. Wewe unapewa namba ya rekodi hiyo, uiandike kwenye ombi lako la viza ndani ya miezi mitatu. Afisa wa viza anafungua rekodi na kuisoma. Nembo, rangi na sahihi ya bluu kwenye nakala uliyotumiwa havimhusu.

Hapa pana tahadhari mbili. Jina kuwa kwenye rejista halithibitishi kwamba aliyekuandikia ni kampuni hiyo. Matapeli huazima majina ya kampuni halisi. Tena leseni si cheti cha uadilifu. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, Uingereza ilifuta zaidi ya leseni 470 katika sekta ya kutunza wazee na wagonjwa. Walikuwapo wafanyakazi waliosafiri kihalali wakakuta hakuna kazi.

Sekta hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu bado inatangazwa Nairobi kana kwamba mlango uko wazi. Tangu tarehe 22 Julai 2025, waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ya nchi. Siku hiyo hiyo kazi nyingi zilizo chini ya kiwango cha shahada ziliondolewa kwenye mpango huu wa udhamini, na kima cha jumla cha mshahara kikapanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kawaida cha kazi husika kikiwa juu zaidi. Wauguzi, walimu na wengine wanaolipwa kwa ngazi za mishahara za kitaifa wana vima vya chini kuliko hicho. Anayekuahidi leo viza ya utunzaji moja kwa moja kutoka Kenya anakuahidi kitu kilichofungwa.

Kuhusu gharama, mwajiri ndiye anayelipa ada ya leseni, ada ya cheti na tozo ya ujuzi inayohesabiwa kwa kila mwaka wa udhamini, na haruhusiwi kukurudishia mzigo huo. Wewe unaweza kulipa ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu, na mchango wa afya wa pauni 1,035 kwa mwaka, ambao wenye viza ya afya wamesamehewa. Kumtoza mtu pesa ili kumtafutia kazi ni kosa huko tangu sheria ya mawakala wa ajira ya 1973. Huku Kenya, wakala wa ajira za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Ahadi ya mwajiri kwa serikali haiishi unapotua. Usipoanza kazi, au ukikosekana siku kumi za kazi mfululizo bila ruhusa, lazima aripoti. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine, kampuni hiyo nayo iwe na leseni, ikupe cheti kipya, nawe uombe viza upya. Ukiachishwa kazi, au leseni ya mwajiri ikifutwa, kwa kawaida unabakiziwa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Ndipo watu wanapovumilia dhuluma kimya kimya, kwa kuwa aliye na mshahara wao ndiye pia aliyeshika ukaazi wao.

Marekani mwajiri huomba vilevile kwa niaba yako, lakini viza ya H-1B, ya kazi za kitaalamu, ina kikomo cha 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa wenye shahada za uzamili za huko, hivyo maombi yakizidi huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Kenya nayo hufanya hivyo kwa wageni wake, na kwa jambo moja ni kali zaidi. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kibali cha Daraja D ni cha mtu aliyepewa kazi mahususi na mwajiri mahususi, mwenye ujuzi usiopatikana nchini. Mwajiri wa Westlands anayepeleka ombi kwa Idara ya Uhamiaji hutakiwa pia kumtaja Mkenya atakayejifunza kazi hiyo kutoka kwa mgeni.