Gerimanda: Ramani ya Uchaguzi Inapochorwa kwa Hesabu ya Ushindi

Gerimanda ni uchoraji wa mipaka ya maeneo ya uchaguzi unaokipa chama viti vingi kuliko kura zake zinavyostahili. Nchini Marekani, viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa upya baina ya majimbo kila baada ya sensa, yaani kila miaka 10, kisha kila jimbo lenye zaidi ya kiti kimoja huchora maeneo yake. Na katika majimbo mengi wachoraji ni wabunge wa jimbo wenyewe. Jina linatokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts aliyeidhinisha ramani ya namna hiyo mwaka 1812.

Mbinu zake ni mbili: kuwatawanya wafuasi wa chama pinzani ili wawe wachache kila mahali, au kuwarundika katika eneo moja ambako watashinda kwa wingi wa kura usiowafaa kwingineko. Katika ramani ya North Carolina ya mwaka 2016, mpaka ulipita katikati ya chuo kikuu cha A&T mjini Greensboro, chuo chenye historia ya kuwasomesha Wamarekani weusi, hata wanafunzi wa kampasi moja wakajikuta katika maeneo mawili tofauti. David Lewis, mbunge wa Republican aliyesimamia kazi hiyo, alisema waziwazi kwamba lengo lilikuwa viti 10 vya Republican kwa 3 vya Democrat, kwa kuwa hakuona njia ya kupata 11 kwa 2. Novemba mwaka huohuo Republican walipata takriban asilimia 53 ya kura na viti 10 kati ya 13.

Hapa ndipo usawa unapoonyesha sura mbili. Tangu mwaka 1964 Mahakama ya Juu imetaka maeneo ya uchaguzi ndani ya jimbo yalingane kwa idadi ya watu, hatua iliyowarudishia wakazi wa miji uzito wa kura uliokuwa umeegemea mashambani kwa miongo mingi. Ramani ya North Carolina ililitimiza sharti hilo kikamilifu. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba upendeleo wa kichama katika ramani si suala la mahakama za shirikisho. Shauri hilo lilihusu pia Maryland, ambako waliochora kwa upendeleo walikuwa Democrat.

Wapo wanaoitupia gerimanda lawama zote za mgawanyiko wa kisiasa, nami naona wanazidisha, kwani maseneta huchaguliwa na jimbo zima, na mipaka ya majimbo haichorwi upya, na bado Seneti imegawanyika vilevile. Linaloonekana wazi zaidi ni kwamba katika eneo lisilo na ushindani, mbunge huhofia kura za mchujo ndani ya chama chake kuliko uchaguzi wenyewe, na hivyo hana sababu kubwa ya kuusikiliza upande wa pili.

Baadhi ya majimbo huruhusu wananchi kubadili utaratibu kwa kura ya maoni, na ndivyo Arizona, California na Michigan zilivyokabidhi kazi hiyo kwa tume huru. Mwaka 2025, hata hivyo, Texas ilichora ramani mpya bila kungoja sensa, ikilenga kuwaongezea Republican viti vitano, na Novemba wapigakura wa California wakajibu kwa kuiweka kando ramani ya tume yao na kupitisha nyingine inayowapendelea Democrat.