Kufomati Hakuponyi Bloku Mbovu: Dhana Potofu Kuhusu Kumbukumbu ya Flashi

Watu wanaoniletea kadi za kumbukumbu, flashi za USB na diski za SSD ili niokoe faili zao huwa na maelezo ya kila namna, lakini kuna moja linalorudiwa mno na ambalo limeleta hasara kuliko mengine yote: kifaa kilianza kuonyesha bloku mbovu, mwenyewe akakifomati, kikakaa sawa kwa muda, kisha kikaharibika tena. Anayesema hivyo huamini kwamba kufomati kulikuwa tiba na kwamba kilichofuata ni tatizo jipya. Yote mawili si kweli, na kwa kuwa dhana hii imekwisha kupoteza picha, hesabu na tasnifu ambazo zingeweza kuokolewa, nitaieleza kwa kirefu kabla ya kuzigusa nyingine.

Flashi ya NAND, aina ya kumbukumbu iliyomo ndani ya vifaa hivi vyote, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka 1987, huandikwa kwa kurasa lakini hufutwa kwa bloku. Ukurasa kwa kawaida hubeba kilobaiti 2 hadi 16 za data pamoja na eneo dogo la ziada, na bloku moja huwa na kurasa kuanzia 64 hadi mamia kadhaa, na katika chipu mpya hata zaidi ya elfu. Kuandika ni kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0 kwa kuingiza elektroni ndani ya seli, na hakuna njia ya kuirudisha biti hiyo kuwa 1 isipokuwa kwa kuifuta bloku nzima. Kila mzunguko wa kuandika na kufuta hulazimisha elektroni kupenya tabaka jembamba la kihami (kitu kisichopitisha umeme), nalo huchakaa kidogo kidogo. Seli zenye kuhifadhi biti 1 huvumilia takriban mizunguko 100,000, ilhali zenye kuhifadhi biti 3, ambazo ndizo zimejaa katika vifaa vya kawaida, huhesabiwa kwa maelfu machache tu.

Bloku huhesabiwa kuwa imeharibika pale chipu yenyewe inapotoa taarifa, kupitia rejesta yake ya hali, kwamba uandishi au ufutaji umeshindikana. Hapo kidhibiti, yaani chipu inayosimamia kumbukumbu ndani ya kifaa, huhamishia kurasa zilizo salama kwenye bloku ya akiba, hurekebisha jedwali la anwani, na kuiingiza bloku mbovu katika orodha ya zile zisizotumika tena. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya kifaa bila kompyuta kuarifiwa, wala amri ya kufomati haifiki huko. Kufomati kwa haraka huandika upya majedwali ya mfumo wa faili tu, na kufomati kikamilifu hupitia anwani ambazo kidhibiti kimekubali kuzionyesha, ambazo si mahali halisi ndani ya chipu. Hakuna programu inayoweza kukarabati kihami kilichochakaa, na kila anayeuza programu ya "kutengeneza bloku mbovu" za flashi anauza kitu ambacho hakiwezekani.

Kwa nini basi kifaa huonekana kimepona? Sababu ni mbili, na zote zinastahili kueleweka vizuri. Ya kwanza ni kwamba anwani iliyoshindwa kusomeka huendelea kurudisha kosa mpaka siku itakapoandikwa upya. Ikishaandikwa, kidhibiti huipeleka data mpya kwenye ukurasa mwingine kabisa, na kosa hutoweka pamoja na matumaini ya kuipata data ya zamani. Ya pili ni kwamba si kila kosa la kusoma limetokana na bloku mbovu. Chaji iliyomo ndani ya seli huvuja polepole, na kusoma kurasa fulani mara nyingi mno huzivuruga seli za kurasa nyingine katika bloku hiyohiyo. Ufutaji huzirudisha seli hizo katika hali ya kutumika, kwa sababu bloku haikuwa imeharibika; kilichodhoofika ni data iliyokuwamo. Kidhibiti kilichoundwa vizuri huiwahi hali hiyo: misimbo ya kusahihisha makosa, kama vile BCH au LDPC, inapoanza kusahihisha biti nyingi kupita kiwango kilichowekwa, data husomwa, husahihishwa, na kuandikwa mahali pengine kabla haijapotea. Anayefomati huipatia chipu nafuu hiyohiyo, ila yeye hulipa kwa data yake yote.

Dada wa dhana hii ni ile ya kupitisha programu ya ukaguzi, kama CHKDSK ya Windows, na kuiamuru itie alama sehemu mbovu. Alama hiyo huwekwa katika mfumo wa faili, juu ya nambari ya anwani, wakati bloku halisi iliyoleta kosa huenda imekwisha kuondolewa kazini, au kosa lilikuwa la kuvuja kwa chaji tu. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji hupoteza nafasi isiyo mbovu kwa ajili ya nambari isiyo na kosa lolote, na ukaguzi wenyewe huzidi kukitumikisha kifaa katika wakati ambao kinahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Ninachosisitiza kila mara, na nitaendelea kusisitiza, ni mpangilio wa hatua: nakili kwanza, mengine baadaye. Kosa la kwanza la kusoma likitokea, acheni kuandika chochote kwenye kifaa hicho. Chukueni nakala ya kifaa kizima kwa programu kama GNU ddrescue, ambayo husoma kwanza maeneo yasiyo na shida kisha huyarudia yale magumu, na fanyieni kazi nakala hiyo. Baada ya hapo someni taarifa za SMART, ambazo kifaa hujiwekea kuhusu afya yake: idadi ya sekta zilizohamishwa au, kwa diski za NVMe (aina mpya zaidi ya SSD), asilimia ya akiba iliyobaki. Idadi ndogo iliyotulia kwa muda mrefu haitishi, lakini idadi inayopanda kila wiki inaonyesha kwamba akiba inakwisha, na ikiisha, baadhi ya vifaa hujifunga visiandikwe tena na vingine huacha kutambulika kabisa.

"Chipu yenye bloku mbovu imetoka kiwandani na kasoro, irudishwe."

Hapana. Chipu za NAND huuzwa zikiwa na bloku mbovu, na waraka wa kiufundi husema hivyo waziwazi. Kwa chipu ya kawaida yenye bloku 1,024, mtengenezaji aliyezoeleka huahidi bloku zisizo mbovu zisizopungua 1,004. Kuidai chipu isiyo na dosari hata moja kungepandisha gharama bila faida yoyote, kwani vifaa hubuniwa vikiwa na akiba tangu mwanzo. Sehemu ya akiba hiyo hutokana na hesabu tu: chipu hujengwa kwa gigabaiti ya baiti 1,073,741,824, kifaa huuzwa kwa gigabaiti ya baiti 1,000,000,000, na tofauti ya takriban asilimia 7 hubaki mikononi mwa kidhibiti.

"Nakala ya chipu moja inaweza kumwagwa kwenye nyingine kama ilivyo."

Hili nalisikia kwa mafundi wanaotumia mashine za kuandikia chipu, na wao hawana sababu ya kukosea. Bloku mbovu za chipu moja hazilingani na za nyingine. Ukiandika baiti kwa baiti, sehemu ya programu itaangukia kwenye bloku mbovu ya chipu mpya, na utazihamishia pia alama za ubovu zisizoihusu. Mashine lazima ielekezwe ama kuiruka bloku mbovu na kuendelea na inayofuata, ama kutumia bloku za akiba kwa mujibu wa jedwali, na njia iliyochaguliwa lazima iwe ileile inayotumiwa na kifaa kitakachoisoma chipu hiyo. Baya zaidi ni kufuta chipu yote kabla ya kusoma alama za kiwandani. Alama hizo ni baiti isiyo FFh (thamani ya baiti iliyofutwa, yenye biti zote 1) iliyowekwa katika eneo la ziada la kurasa za mwanzo za bloku, na zikifutwa hazirudi, kwa kuwa kiwanda huzipima bloku katika hali za joto na volti ambazo fundi hana uwezo wa kuziiga. Ndiyo maana amri ya "nand scrub" ya U-Boot, programu ya kuwashia vifaa, ambayo hufuta hata bloku zenye alama, hutoa onyo kabla ya kutekelezwa. Soma alama, hifadhi orodha, ndipo ufute.

"Diski ya SSD ipangwe upya kila mwezi ili iende kasi."

Kupanga upya vipande vya faili kulikuwa na maana kwa diski za sumaku zenye kichwa kinachosafiri. Kwa SSD huongeza uandishi tu na kuzeesha seli. Wacheni amri ya TRIM, inayoiarifu diski ni data ipi haihitajiki tena, ifanye kazi, na msiijaze diski mpaka pomoni, kwa sababu kidhibiti kikikosa nafasi huru hulazimika kuhamisha kurasa zilezile tena na tena.

"Nimeandika juu ya faili, kwa hiyo imefutika."

Toleo jipya limekwenda kwenye ukurasa mwingine, na la zamani lipo mpaka bloku yake ifutwe. Bloku zilizoondolewa kazini zinaweza kubaki na vipande vya data ambavyo amri za kawaida hazivifikii. Mwenye siri za kulinda asimbe data kwa njia fiche tangu siku ya kwanza, na atumie amri ya ufutaji salama ya kifaa chenyewe anapokitoa.

"Flashi ikihifadhiwa kabatini hudumu milele."

Kiwango cha JESD218 cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya kielektroniki, hudai kwamba SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikishamaliza kiasi cha uandishi ilichoahidiwa, itunze data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi, na ile ya seva kwa miezi 3 katika nyuzi 40. Kifaa kipya hutunza kwa muda mrefu zaidi, na joto hufupisha muda huo kwa vyote. Data ya kuhifadhiwa kwa miaka iwe na nakala nyingine kwenye chombo kisicho cha flashi, na kile cha flashi kisomwe chote na kuandikwa upya kwa vipindi, kabla misimbo ya kusahihisha haijazidiwa na makosa.