Rejista ni nani hospitalini?

Ukilazwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, daktari atakayekuja kukuona usiku wa manane huenda akawa rejista. Wengi, hasa jamaa waliomleta mgonjwa kutoka mbali, Busia au Kapenguria, hudhani huyu ni mwanafunzi anayejaribia mkono kwa mtu wao. Sivyo hata kidogo. Rejista ni daktari kamili anayesomea ubingwa.

Shahada ya kwanza ya udaktari alishaimaliza. Akafanya uanagenzi wa mwaka mmoja, akizungushwa upasuaji, uzazi, watoto na magonjwa ya ndani, ndipo akapewa leseni. Kwa kawaida huhudumu kwanza katika hospitali za kaunti, kisha hurudi chuoni kwa shahada ya uzamili ya tiba, miaka 3 hadi 5 kutegemea fani.

Darasa lake hasa ni wodi. Mama akiletwa na uchungu uliokwama, rejista wa uzazi ndiye anayempima, anayempigia bingwa simu, na mara nyingi ndiye anayeshika kisu. Mwanzoni husaidia zaidi. Kadiri anavyokomaa ndivyo anavyoachiwa kazi, bingwa akiwa karibu. Kila upasuaji huuandika katika daftari lake na msimamizi akatia sahihi. Tasnifu na mitihani vinamngoja pia.

Mafunzo haya hayaishii Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufunza ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, hospitali ya Webuye ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Wapasuaji wana njia nyingine tena, isiyopitia chuo kikuu: COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, huwafunza ndani ya hospitali kama Tenwek, Bomet.

Linaloniuma ni pesa. Aliyepewa likizo ya masomo na kaunti huendelea kupata mshahara, naye hutia sahihi kwamba atarudi kuhudumu. Anayejilipia hutoa karo, kisha hukesha zamu ile ile bila malipo. Huo ni uonevu, maana hospitali inamtegemea.

Akihitimu, bado si bingwa kisheria mpaka baraza la madaktari limwandikishe katika fani yake. Sajili ya baraza iko wazi kwa umma. Una haki ya kulitafuta jina lake kabla hujakubali kupasuliwa.