Gasketi ya hedi hununuliwa mwisho, baada ya vipimo

Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalozibia kati ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na bloku yenye silinda. Mtu akiingia duka la vipuri Mwanjelwa, Mbeya, na gasketi iliyoungua mkononi, akasema "nipe kama hii", muuzaji ataishika, ataweka mpya juu yake, matundu yatalingana, na biashara imekwisha. Kulingana kwa matundu hakutoshi. Gasketi mbili za injini moja zinaweza kufanana matundu yote na bado zikatofautiana unene na upana wa duara la silinda, na tofauti hiyo ndiyo inayorudisha gari gereji baada ya kupanda mlima Kitonga mara moja. Injini inapofanyiwa ovahoo (kufunguliwa na kutengenezwa upya), gasketi ya hedi inunuliwe mwisho: hedi ikishapimwa, bloku ikishapimwa, na silinda zikishaboriwa (kutanuliwa kwa mashine) kama zinahitaji.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, ijulikane kwanza kwa nini ile ya zamani iliungua. Huku kwetu nyanda za juu kuna jambo ambalo fundi wa Pwani halimsumbui sana. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzijoto 100, lakini Mbeya mjini, mita zipatazo 1,700 juu, huchemka kwa 94 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi kwenye 85 hadi 95. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta: springi yake ikishikilia shinikizo la baa 0.9, maji yale yale husubiri hadi karibu nyuzijoto 115. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, gari linapanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu likiwa na mzigo bila akiba yoyote ya joto. Mvuke unajaa kuzunguka valvu za ekzosi, na alumini ya hedi inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Kwa kuwa imebanwa na bolti, inapinda. Gasketi huachia pale palipo pembamba zaidi, kati ya silinda mbili. Kifuniko kipya ni sehemu ya kazi ya gasketi, na kisiachwe eti kwa sababu cha zamani bado kinafunga vizuri kwa mkono.

Thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nayo irudishwe. Kuitoa "ili gari lipoe" ni kosa tunalolikuta kila siku. Makete na Njombe asubuhi za Juni na Julai, injini isiyo na thamostati haipati joto lake: inakula mafuta, silinda zinalika, na unyevu unabaki ndani ya oili.

Unyevu huo huo huwadanganya wengi. Uji mweupe chini ya kifuniko cha oili, kwa gari linalokwenda safari fupi fupi kwenye baridi, mara nyingi ni jasho tu la injini. Vuta kijiti cha oili: kama oili yenyewe ni ya rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia. Dalili nyingine za kweli ni mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, mpira wa juu wa rejeta uliobaki mgumu asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kushuka kwenye silinda mbili zinazofuatana.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa. Bolti zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kuifungua ya moto au kumaliza bolti upande mmoja kunaipinda hedi iliyokuwa nzima.

Kwenye kusafisha ndiko kazi nyingi zinapoharibikia. Diski ya msasa inayofungwa kwenye drili inang'arisha bloku kwa dakika mbili, lakini inachimba vishimo ambavyo jicho halivioni, na chembe zake ngumu hudondokea kwenye njia za oili hadi kwenye beringi za kranki. Tumia kikwaruzo cha plastiki au cha mbao ngumu, dawa ya kulainisha gasketi, na uvumilivu. Ziba silinda na matundu ya oili kwa vitambaa safi kabla ya kuanza. Kisha geukia matundu ya bolti: yasafishwe na kupulizwa kwa kompresa mpaka yakauke. Bolti ikishuka kwenye tundu lenye oili au maji chini, kimiminika hakina pa kwenda. Spana itakuonyesha imekaza, kumbe hedi haijabanwa, na bloku inaweza kupasuka.

Sasa pima. Weka rula ya chuma iliyonyooshwa kwa mashine juu ya hedi, kwa urefu pande zote mbili, kwa upana, na kwa mishazari miwili, huku ukijaribu kupitisha fila (kijibamba chembamba cha kupimia mwanya) chini yake. Fanya hivyo hivyo kwenye bloku. Hedi nyingi za alumini za injini za petroli zina kikomo cha milimita 0.05 hadi 0.10, na karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa kama 0.1, kwa hiyo jicho peke yake halina kazi hapa. Ikizidi, ipelekwe kupigwa skimu, yaani kusawazishwa uso kwa mashine. Lakini skimu inanyoosha uso wa chini tu. Kama hedi imepinda yote, njia ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) juu nayo imepinda. Ifunge kemshafti bila valvu, uizungushe kwa mkono: ikigoma, hedi inyooshwe kwanza. Na hedi iliyochemka sana ipimwe nyufa kwa shinikizo kabla ya kulipia skimu.

Ukiwa na vipimo mkononi, nenda dukani. Kwanza angalia aina. Gasketi ya tabaka za chuma ndiyo iliyo kwenye injini nyingi za kisasa. Inadumu, ila inadai uso laini sana, wa mashine nzuri. Ile ya nyuzi na grafaiti yenye pete za chuma inavumilia uso wenye ukwaru kiasi. Usibadilishe aina kwa sababu ya bei, fuata iliyopangiwa injini.

Halafu duara. Kama silinda zimeboriwa ovasaizi, weka gasketi juu ya bloku na uchungulie kila silinda: pete yake isiingie ndani hata kidogo. Ukingo unaochomoza kwenye moto huwa mwekundu kama kaa, na huo ndio mwanzo wa kuungua.

Kwa dizeli kuna unene. Pistoni hupanda ikapita uso wa bloku, na gasketi huchaguliwa kwa kimo hicho. Weka saa ya kupimia kwenye bloku, isome sifuri, kisha pima kila pistoni sehemu mbili, juu ya mstari wa pini yake ili isiyumbe. Namba kubwa kuliko zote ndiyo inayoamua kwa injini nzima. Toyota 2L na 3L zina gasketi za herufi B, D na F, zinazopishana kwa karibu milimita 0.1, na watengenezaji wengine huweka mikato au vitundu pembeni. Bloku ikikatwa, pistoni zinachomoza zaidi, na herufi ya zamani haifai tena. Nyembamba mno, pistoni itagonga hedi. Nene mno, gari litasumbua kuwaka asubuhi ya baridi.

Kufunga ni haraka kama yaliyotangulia yamefanyika. Gasketi inakaa kavu, bila silikoni, isipokuwa pale kitabu cha injini kinapotaja. Upande ulioandikwa kuwa ni wa juu uwe juu. Tundu la oili liwe wazi. Usipanue vitundu vya maji vilivyo vidogo kuliko vya hedi, vimepangwa hivyo kugawa maji.

Bolti zipakwe oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua. Toyota 1NZ-FE, ya IST na Probox nyingi, ina bolti 10: zote kwanza kwa nguvu ya Nm 29, kisha zote zizungushwe digrii 90, kisha zote digrii 90 tena. Tia alama ya rangi kwenye kila kichwa uone digrii zako. Bolti za namna hii hunyumbuka zikikazwa, hivyo zipimwe au zibadilishwe.

Jaza kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, fungua hita, washa injini mpaka thamostati ifunguke na hewa itoke. Kama maji yaliingia kwenye oili, badilisha oili na filta, kisha tena baada ya kilomita 500 hivi. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta uone maji yako wapi. Yakishuka kidogo mara moja tu, bila kurudia, ni hewa iliyotoka, ongeza. Yakishuka kila asubuhi, gari lisipande mlima wowote mpaka kompresheni ipimwe upya.